Jinsi ya kupanga na kufundisha tungo za watunzi wa asili mbalimbali katika okestra ya vijana

Okestra nyingi za vijana zina nia njema kuhusu watunzi wanawake, watunzi weusi na watunzi wa Afrika na Amerika ya Kusini. Mara nyingi nia hiyo huishia kwenye utungo wa dakika 4 unaowekwa mwanzoni mwa onyesho. Mazoezi yake hubanwa katika robo saa ya mwisho wa kila kipindi, watoto wakiwa wamechoka, na siku ya onyesho unapigwa vibaya. Baadaye watu husema utungo wenyewe ulikuwa dhaifu. Ukitaka kazi hizi zidumu katika okestra yako, zipe kile unachompa Beethoven: muda wa mazoezi, karatasi safi, na nafasi yenye uzito katika onyesho. Maelekezo yanayofuata ni kwa kondakta, mkutubi wa noti na viongozi wa safu.

Anza na wapigaji ulio nao

Kabla ya kutafuta mtunzi yeyote, andika kwenye karatasi una nani: violini ngapi, viola ngapi, kama obo zipo, kama horni ni 2 au 4, kama kuna anayeweza kinubi au piano. Halafu weka alama kwa wale wanaoweza kubeba sauti ya peke yao bila kutetemeka. Utungo mzuri usiolingana na orodha hiyo utawaumiza vijana, na utamwonyesha mtunzi kuwa mgumu bure.

Kama una ala za nyuzi pekee, tazama *Lyric for Strings* ya George Walker (1946), ya dakika 6 hivi. Haina mbio hata kidogo. Ugumu wake ni usafi wa sauti: shapu (alama za kupandisha noti nusu sauti) ni nyingi na noti ni ndefu, kwa hiyo kila kosa la kidole linasikika. *African Suite* ya Fela Sowande wa Nigeria (1944) ni ya nyuzi na kinubi. *Starburst* ya Jessie Montgomery (2012) ni fupi, dakika 3 hivi, lakini usidanganywe na ufupi wake. Ina kasi, na mdundo hurushwa kutoka safu moja hadi nyingine. Ipeleke kwa kundi lenye viola imara.

Ukiwa na nyuzi, obo 2 na horni 2, Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges (1745–1799), ndiye pa kuanzia. Alizaliwa Guadeloupe, akawa mpigaji violini na kondakta mkubwa mjini Paris. Simfoni zake 2 za opus 11, zilizochapishwa 1779, zina sehemu 3 kila moja na zinafaa sana kwa okestra ya kati. Okestra yenye ala zote za mbao lakini isiyo na tarumbeta wala tromboni itafurahia Simfoni Na. 3 ya Louise Farrenc (1847). Ina fluti, obo, klarineti, fagoti na horni mbilimbili, timpani na nyuzi. Hiyo ni simfoni kamili ya sehemu 4 na inatosha kuwa kazi kuu ya nusu ya pili. Okestra kubwa ina uwanja mpana zaidi: *Ballade* katika A ndogo ya Samuel Coleridge-Taylor (1898), Simfoni Na. 1 ya Florence Price iliyopigwa kwa mara ya kwanza na Chicago Symphony Orchestra mwaka 1933, *Huapango* ya José Pablo Moncayo (1941), na *Danzón No. 2* ya Arturo Márquez (1994).

Kisha fungua nakala kuu (yenye noti za ala zote pamoja) na ukague mambo manne. Mkono wa violini ya pili unapanda hadi nafasi ya tatu kwenye shingo ya ala mara ngapi? Safu inagawanywa mara mbili au tatu mahali gani? Viola 4 zikigawanywa mara tatu zitapotea kabisa. Nani anapiga peke yake, na kwa mizani ngapi (yaani yale mafungu ya noti yaliyotenganishwa na mistari ya wima)? Mwisho, vipimo vya mapigo vinabadilika wapi? Ukikuta vikwazo vitatu kati ya vinne vinagusa safu yako dhaifu, chukua sehemu moja tu ya utungo au usubiri mwaka ujao.

Noti, haki na karatasi

Hapa ndipo mipango mingi hukwama, kwa sababu watu hudhani kila mtunzi aliyekufa ni wa bure. Katika nchi nyingi hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, kwingine miaka 50. Saint-Georges, Farrenc na Coleridge-Taylor (aliyefariki 1912) hawana tatizo hilo, na noti zao nyingi unaweza kuzipakua IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni. Angalia tu kwamba toleo lenyewe ni la zamani, kwa maana mhariri wa toleo jipya anaweza kuwa na haki zake. Florence Price anahitaji uangalifu zaidi: hati zake nyingi zilipatikana mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa huko Illinois, na mwaka 2018 kampuni ya G. Schirmer ilichukua haki za kazi zake zote. Alifariki 1953, ila usihesabu miaka tu. Muulize mchapishaji kuhusu utungo unaoutaka na nchi yako.

Kazi za watunzi walio hai, na nyingi za karne ya 20, hukodishwa. Agiza miezi 3 kabla ya onyesho. Kukodi karatasi hakukupi ruhusa ya kupiga hadharani wala ya kurekodi na kurusha mtandaoni. Hizo ni ruhusa tatu tofauti, na ziombwe zote kwa barua moja. Karatasi za kukodi huandikwa kwa penseli laini tu. Ukizirudisha na alama za kalamu, utalipishwa.

Idadi ya nakala: karatasi moja kwa kila wapigaji wawili wa nyuzi, na moja ya akiba kwa kila safu. Violini za kwanza 10 zinahitaji nakala 6. Wapigaji wa kupuliza, kila mmoja na yake. Kabla ya kunakili, kiongozi wa violini ya kwanza aandike mwelekeo wa upinde katika karatasi moja, kisha viongozi wa violini ya pili, viola, selo na besi waufuate pale ambapo sauti zinakwenda pamoja. Jambo hili lisipofanyika, dakika 30 za mazoezi ya kwanza zitaisha kwa maswali ya upinde ushuke au upande. Tungo zisizopigwa mara kwa mara huumia zaidi hapa, kwa sababu hakuna karatasi za zamani zenye alama za kunakili.

Kagua pia makosa. Matoleo ya haraka yaliyonakiliwa kutoka hati za mkono mara nyingi yana noti zilizokosewa, na mwalimu humlaumu mtoto bure. Kabla ya zoezi la kwanza, watu wawili wakae na nakala kuu na karatasi za wapigaji, mmoja akisoma na mwingine akilinganisha herufi za mazoezi (alama za mahali pa kuanzia tena), nambari za mizani, shapu na flati. Kwa simfoni ndogo ni kazi ya jioni moja.

Ala zinazokosekana

Obo zikikosekana katika Saint-Georges, tumia fluti 2, au klarineti 2 za B flati baada ya kuandika noti zao sauti moja nzima juu zaidi. Karatasi za horni za wakati ule ni za horni za D au G. Horni ya F ikisoma karatasi ya horni ya D, kila noti ipigwe teti ndogo (hatua tatu za nusu sauti) chini ya ilivyoandikwa. Usimwache kijana afanye hesabu hiyo kichwani. Mwandikie karatasi mpya. Kama una fagoti, iongeze kwenye mstari wa besi. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya zama zile, na selo changa hupata nguvu.

Simfoni ya kwanza ya William Grant Still, *Afro-American Symphony*, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Rochester mwaka 1931, ina banjo katika sehemu ya tatu. Wengi huiondoa, na sehemu ile hubaki bila chumvi. Azima banjo ya tenori. Nyuzi zake ni C, G, D, A, sawa na viola, kwa hiyo mpigaji wa viola mwenye bidii atazoea upande wa vidole baada ya wiki chache. Shida yake itakuwa mkono wa kulia: afundishwe kupiga kwa kipande cha kucharazia kwenda chini na juu bila kukaza kiwiko.

Mdundo: kazi kubwa zaidi

Kosa la kawaida katika muziki wenye asili ya ngoma na dansi ni kuusoma kwa macho tu. Vijana wengi wamefundishwa kuhesabu mapigo makubwa, na hapo mdundo unavunjika.

Chukua *Huapango*. Mapigo madogo 6 ya mizani hugawanywa kwa namna mbili: mara 3+3, mara 2+2+2. Fundisha hivi, ala zikiwa chini:

1. Weka metronomu (kifaa cha kupiga mapigo sawa) kwenye 160 kwa dakika, kila mlio ukiwa pigo dogo moja. Wote wahesabu kwa sauti 1 hadi 6, kwa usawa.
2. Wapige makofi kwenye 1 na 4, mizani 8.
3. Bila kusimama, makofi yahamie 1, 3 na 5, mizani 8.
4. Sasa mizani moja ya namna ya kwanza, moja ya namna ya pili, mara 8.
5. Nusu ya okestra ishike 1 na 4, nusu nyingine 1, 3 na 5, kwa pamoja. Kisha wabadilishane.
6. Washike ala, warudie hatua ya 4 na ya 5 kwenye noti D peke yake.
7. Ndipo wafungue karatasi, na metronomu ipande kwa 8 kila mara.

Sikiliza hatua ya 3 kwa makini. Wengi watapunguza mwendo pale makofi yanapokuwa matatu, kwa sababu wanaacha kuhesabu mapigo madogo na kunyoosha makofi yafanane urefu na yale ya mwanzo. Dawa ni kurudisha hesabu ya sauti mpaka midomo ibebe 1 hadi 6 hata mikono inapobadilika. Usiwaambie "msichelewe". Hilo huwafanya wakimbilie kofi la mwisho na mizani inayofuata inaanza mapema. Hatua ya 5 isirukwe hata kama muda ni mdogo; ndiyo inayomfanya mpigaji wa tarumbeta asikie kwamba yeye na violini wanapingana kwa makusudi.

Kondakta naye aamue mapema mizani ipi ataionyesha kwa mapigo mawili na ipi kwa matatu, aandike kwenye nakala kuu, asibadilishe wiki ya mwisho.

Sehemu ya tatu ya simfoni ya Price ni dansi ya juba, ambayo Waafrika waliofanywa watumwa Marekani waliicheza kwa kupiga magoti, mapaja, vifua na viganja. Mdundo wake wa msingi ni fupi-ndefu-fupi: robo pigo, nusu pigo, robo pigo. Acha selo na besi zipige pigo la kawaida kwa kudonoa nyuzi, violini waupige mdundo huo magotini. Kwenye ala, kosa huwa moja: noti ndefu ya katikati inachelewa, kwa sababu upinde umekandamizwa kwenye noti fupi ya kwanza na hauwezi kuondoka. Mpigaji ahamie katikati ya upinde, noti fupi achukue sentimita 2 au 3 tu, kisha upinde utulie juu ya uzi kabla ya noti ndefu. Na kila noti isikazwe. Vijana wakipenda utungo huukaza wote, na dansi inakuwa gwaride.

*Danzón No. 2* huanza na klarineti ya peke yake juu ya klave, vijiti vile viwili vinavyogongana. Mpigaji wa klave ndiye kondakta wa pili. Akikaa nyuma kabisa ya tromboni, nyuzi zitamsikia kwa kuchelewa na mwendo utavutana. Msogeze karibu na piano na besi. Kiganja kinachoshika kijiti cha chini kiwe na uwazi kama kikombe. Kikibana kijiti, mlio unakufa. Kwa klarineti, mwambie mpigaji asifuate kila mlio wa klave. Mstari wake uimbe juu, mdundo ubaki chini, wakutane mwanzo wa kila fungu la sauti.

Kwa *Lyric* ya Walker ugumu ni kinyume chake. Upinde unaisha kabla noti haijaisha, wote hubadilisha pamoja, na sauti inakatika. Wapigaji wawili wanaokaa pamoja wakubaliane kubadilisha kwa zamu, wa nje mwanzoni mwa pigo la pili, wa ndani mwanzoni mwa la tatu. Kila kipindi wapige mizani 8 za mwanzo polepole bila kutetemesha kidole, wakisikiliza selo.

Ratiba ya wiki 12

Kwa kipindi cha saa 2 kila wiki na onyesho la dakika 50, utungo mpya mgumu wa dakika 10 uwe na angalau saa 6, nusu yake kabla ya wiki ya 6. Wiki ya 1 pigeni utungo wote bila kusimama, hata ukivurugika, ili kila mtu ajue unakwenda wapi. Wiki ya 2 hadi ya 4 safu zifanye mazoezi peke yake kwa dakika 50, kisha kuungana. Wiki ya 5 rekodi kwa simu, wape viongozi wa safu wasikilize. Baada ya hapo utungo huu uwekwe mwanzo wa kipindi, mara mbili kati ya tatu. Wiki ya 11 pigeni onyesho zima kwa mfuatano wake, maana midomo ya wapigaji wa shaba huchoka na mpangilio unaweza kuhitaji kubadilishwa.

Katika onyesho, kazi hizi ziende kabla ya mapumziko au ziwe za mwisho. *Huapango* na *Danzón* hufunga onyesho vizuri sana. Onyesho lenye watunzi "wengine" peke yao mara moja kwa mwaka, huku maonyesho yote yaliyobaki yakibaki kama zamani, tunalipinga waziwazi. Linawafundisha vijana kwamba muziki huu ni wa siku maalumu.

Namna ya kumzungumzia mtunzi

Saint-Georges asiitwe Mozart mweusi. Alizaliwa miaka 10 hivi kabla ya Mozart, na ndiye aliyeongoza okestra ya Paris ambayo Haydn aliitungia simfoni 6. Ana jina lake. Makala ya kijitabu cha onyesho yaseme kwanza kitu cha kusikiliza: sauti ipi inaanza, mdundo upi unarudi, wapi horni zinajibu. Maisha na dhuluma aliyokutana nayo mtunzi yaandikwe pale yanapoeleza muziki, kwa ukweli na kwa kifupi.

Hakikisheni majina. Samuel Coleridge-Taylor (1875–1912) ni mtunzi Mwingereza. Samuel Taylor Coleridge ni mshairi. Coleridge-Taylor Perkinson (1932–2004) ni mtunzi Mmarekani aliyepewa jina la yule wa kwanza. Mabango huwachanganya watatu hao, picha pia.

Kondakta asimwombe kijana mweusi pekee katika safu, au mwenye asili ya nchi ya mtunzi, asimame aeleze "utamaduni wenu". Amekuja kupiga viola. Akitaka mwenyewe kusema, nafasi iwepo kwake kama ilivyo kwa mwingine yeyote. Kazi ya kusoma na kueleza ni ya walimu.

Kwa mtunzi aliye hai, mwandikie. Uliza maswali ya kujibika: kasi ya metronomu katika okestra ya vijana, ala ya kubadilisha, mizani anazojua huwa zinaleta shida. Mwalike kwa video wiki ya 8 au ya 9, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Muda wake ulipiwe.

Watunzi waliomo ndani ya okestra yenu

Kijana anayepiga huku anatunga ndiye anayejenga muziki wa kesho, na hahitaji shindano. Anahitaji kusikia alichoandika. Mpe kikomo cha dakika 2, ala alizonazo okestra, na wiki 8. Programu ya kuandika noti ya MuseScore ni ya bure na inatosha.

Mpe mipaka kwa maandishi. Noti ya chini kabisa ya violini ni G chini ya C ya kati. Viola inashuka hadi C iliyo oktava moja chini ya C ya kati, na selo C iliyo chini zaidi kwa oktava nyingine. Horni ya F huandikwa tano kamili (hatua saba za nusu sauti) juu ya inavyosikika, klarineti ya B flati sauti moja juu. Aliyeandika kwa kusikiliza kompyuta husahau pumzi, kwa hiyo baada ya kila mizani 4 za ala ya kupuliza tafuta nafasi ya kuvuta hewa. Kompyuta pia humdanganya kuhusu nguvu ya sauti: fluti ya chini dhidi ya tarumbeta haitasikika, hata kama kwenye spika ilisikika vizuri.

Karatasi zake zikaguliwe kama za mchapishaji. Mistari mitano, kutoka wa chini hadi wa juu, ichukue milimita 8 kwa nyuzi zinazosomwa na watu wawili, isipungue 7 kwa wengine. Herufi za mazoezi ziwe kila mizani 8 hadi 16. Baada ya mapumziko ya zaidi ya mizani 10, iandikwe kwa noti ndogo sauti ya ala nyingine inayomtangulia mpigaji. Ukurasa ugeuzwe penye pumziko. Isipowezekana, tumia karatasi tatu zilizobandikwa pembeni.

Siku ya kusoma, kila utungo upewe dakika 20: mara ya kwanza bila kusimama, dakika 10 za kurekebisha, kisha mara ya mwisho ikirekodiwa. Mtunzi akae mbele ya kondakta na nakala kuu na penseli, na aulizwe maswali mawili tu: kasi ni sahihi? Nani hasikiki? Wapigaji nao waandike pembeni mwa karatasi zao kilichowashinda kupigwa, kwa mfano "vidole haviwahi hapa" au "hakuna pumzi". Karatasi hizo mrudishie yeye, kwa sababu zitamfaa kuliko sifa. Toleo la pili lisomwe mwezi unaofuata, na ukilikuta limesimama imara, liingie katika onyesho kwa jina lake kamili.

Onyesho likiisha, mkutubi atenganishe karatasi siku hiyohiyo. Za kukodi zifutwe na kurudishwa kwa tarehe ya mkataba. Zenu wenyewe zihifadhiwe pamoja na mielekeo ya upinde, orodha ya makosa yaliyosahihishwa, muda halisi wa kila sehemu na jina la ala iliyobadilishwa. Okestra jirani ikiomba kuziona, wape nakala ya hayo masahihisho.